Dimitsana haikuwa maficho ya wachungaji
Wengi hudhani kwamba vijiji vya milimani nchini Ugiriki vilikuwa makazi ya wachungaji tu, mbali na mambo makubwa ya nchi. Dimitsana, kijiji cha mawe kilicho juu ya korongo la mto Lousios, chaikanusha dhana hiyo. Maji yaleyale yaliyoendesha vinu vya nafaka yalizungusha magurudumu yaliyoinua michi mizito, ikatwanga shura, salfa na mkaa kuwa baruti iliyowafikia Wagiriki waliopigania uhuru dhidi ya utawala wa Waosmani wa Uturuki mwaka 1821. Shule yake ilianzishwa mwaka 1764 na ilikuwa na maktaba. Kurasa nyingi za vitabu vyake, jambo linaloumiza moyo, zilichanwa zikafungiwa baruti na risasi. Patriaki Gregory wa Tano, mkuu wa Kanisa la Othodoksi aliyenyongwa Istanbul mwaka huohuo wa 1821, alizaliwa hapo.