Je, wajua kwa nini kizazi cha wanawake wengine huelekea mgongoni?

Ukipigwa picha ya tumbo ya ultrasound katika kituo chochote pale Kondele au katikati ya mji wa Kisumu, karatasi unayopewa huanza na kizazi: urefu na upana wake kwa sentimita, kisha upande kilikoelekea. Wanawake wanne hivi kati ya watano huandikiwa kwamba kimeinamia mbele. Wa tano hukuta neno "retroverted", yaani kimelala nyuma, au herufi mbili tu, RV, na mara nyingi hakuna anayemweleza maana yake. Kabla boda boda haijamfikisha Nyamasaria ameshampigia shoga yake simu, na shoga naye ameshatoa hukumu: kizazi kimegeuka, kuzaa itakuwa shida.

Hukumu hiyo haina msingi. Kizazi kinacholalia mgongo ni umbile, kama vile mtu anavyozaliwa akitumia mkono wa kushoto. Wengi wenye umbile hilo huishi, huzaa na kuzeeka bila kujua kama wanalo. Jambo la kuuliza ni kama kizazi hicho kinasogea au kimenata, na hilo picha ya kawaida mara nyingi haisemi.

Tuanze na kinavyokaa. Kizazi cha mwanamke asiye na mimba kina urefu wa sentimita 7 au 8, na hakikushikizwa kwenye mfupa wowote. Kimening'inia katikati ya nyonga, mbele yake kibofu cha mkojo, nyuma yake njia ya haja kubwa. Kano mbili hutoka kwenye pembe zake za juu zikashuka hadi kwenye kinena, nazo hukivuta mbele. Nyingine hutoka karibu na mlango wa kizazi zikaenda kushika mfupa wa chini ya mgongo. Chini ya vyote kuna misuli ya nyonga iliyotandazwa kubeba uzito. Kano za mbele zikiwa ndefu au laini kidogo, sehemu ya juu ya kizazi huangukia nyuma, basi.

Kwa sababu kimening'inia, hakitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa hukisukuma nyuma, na mwanamke akishakojoa hurudi mbele. Hapo kuna kichekesho kidogo. Kwa picha ya kupitia tumboni, unaambiwa unywe maji mpaka mkojo ukubane, ndipo kizazi kionekane vizuri. Unakaa kwenye benchi umebana miguu, unahesabu waliobaki mbele yako kwenye foleni, na muda wote huo kibofu kinakisukuma kizazi nyuma. Kwa hiyo wapo wanaosomewa kwamba kimelala nyuma zaidi ya kinavyolala siku za kawaida.

Wengi wenye kizazi cha namna hii walikua nacho tangu usichana. Wengine hukipata baada ya kujifungua, kwa kuwa mimba hunyoosha kano na si lazima zirudi zilivyokuwa. Kinyume chake hutokea pia: kilichokuwa nyuma hukutwa mbele baada ya mtoto wa pili. Hedhi ikikoma, homoni hupungua, kano hulegea, nacho huweza kuhama tena. Katika makundi haya yote kizazi kinasogea. Daktari akiingiza vidole viwili ukeni na kuweka mkono mwingine juu ya tumbo, hukisukuma nacho kikaitika.

Kundi jingine ni dogo, lakini ndilo la kutiliwa maanani. Hapa kizazi hakikulala nyuma chenyewe. Kimevutwa na makovu, kikagandana na utumbo au ukuta wa nyuma wa nyonga. Makovu hayo huletwa na endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na za ndani ya kizazi huota nje yake, na maambukizi ya nyonga yaliyokaa bila kutibiwa, au na upasuaji wa zamani. Uvimbe wa fibroidi nao unaweza kukiegemeza upande mmoja. Kinaposukumwa, kizazi cha namna hii hakitoki kilipo, na mara nyingi mwenyewe hushtuka kwa maumivu. Ugonjwa hapo ni lile lililoleta kovu, na ndilo la kutibiwa.

Sasa tufike Kibuye, Jumapili asubuhi. Ukiuliza kina mama wanaoshusha magunia ya nguo za mitumba na ndoo za omena kwa nini kizazi hugeuka, utaambiwa ni mzigo: ulibeba mtungi mapema baada ya kujifungua. Mzigo haugeuzi kizazi kikaelekea mgongoni. Lakini wanaosema hivyo wameona jambo la kweli, ila wanalipachika jina lisilo lake. Kuzaa mara nyingi, kuinua vitu vizito miaka nenda miaka rudi, na kikohozi kisichoisha huweza kulegeza misuli ya chini hadi kizazi kikashuka. Kushuka ni tatizo jingine kabisa. Mwenye kizazi kilichoshuka husikia uzito ukeni unaozidi jioni, huhisi kama amekalia kitu, mkojo humponyoka akipiga chafya, na wakati mwingine hugusa nyama laini pale mlangoni. Huyo ana msaada: mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, pete maalumu inayowekwa ukeni ili kukitegemeza, au upasuaji. Asikae nalo kwa aibu akidhani ndivyo wanawake wote walivyo baada ya watoto watano.

Wapo pia wanaokwenda kwa nyamrerwa, mkunga wa jadi wa upande wa Waluo, kukandwa tumbo ili kizazi "kirudi". Mkono mwepesi mgongoni unaweza kumpumzisha mtu, sina ugomvi na hilo. Ila kizazi kimejificha nyuma ya mfupa wa kinena, na hakuna mkono wa nje unaokigeuza kikabaki kilivyogeuzwa. Kukanda kwa nguvu tumbo lenye mimba ni hatari, na dawa za majani zinazosokomezwa ukeni huleta vidonda na maambukizi, yaani yale yale yanayozaa makovu. Wazungu nao walipita njia hii, tena kwa kisu. Katika karne ya 19, madaktari wa Ulaya na Marekani waliulaumu mlalo huu kwa maumivu ya mgongo, utasa, hata hasira za wanawake. Hugh Lenox Hodge wa Philadelphia alibuni pete ya kukiegemeza kizazi mbele, na miaka ya 1880 William Alexander wa Liverpool alikuwa akipasua kinena ili kuzifupisha zile kano mbili. Wanawake wengi walifanyiwa upasuaji wa aina hiyo kwa miongo mingi, mpaka ilipobainika kwamba wengi wenye umbile hilo hawana lolote linalowasumbua.

Na kuzaa je? Nyumbani hofu hii ndiyo inayowakosesha wengi usingizi, hasa mama mkwe anapoanza kuuliza maswali ya mafumbo. Kizazi kuelekea nyuma hakizuii mimba kutunga. Mbegu za mwanamume huogelea zenyewe kwenye ute wa mlango wa kizazi, na mikazo ya misuli huzisaidia kupanda, hazingoji mteremko. Ndiyo maana kuinua miguu ukutani baada ya tendo hakuongezi kitu. Hali kadhalika damu ya hedhi: kizazi hujikamua kuitoa, kwa hiyo haiwezi "kulala ndani" kwa sababu ya mlalo. Mimba ikichelewa mwaka mzima, vya kuchunguzwa ni yai kama linatoka, mirija kama imeziba, na mbegu za mume. Mirija iliyoharibiwa na kisonono au klamidia ya zamani ni miongoni mwa sababu kubwa za utasa Afrika, na upande wa mwanamume huhusika katika karibu nusu ya visa vya wanandoa wanaotafuta mtoto. Mume apime mapema, kabla mke hajamaliza hospitali zote kuanzia Ahero hadi Eldoret.

Lakini nisiwaambie kwamba mlalo huu hausumbui kamwe. Kuna maumivu yanayotokana nao kweli, na ya kwanza ni yale ya kitandani. Kizazi kikiangukia nyuma, mwili wake, na wakati mwingine ovari, hukaa nyuma ya sehemu ya ndani kabisa ya uke. Mume akiingia kwa kina hugonga hapo, na mke husikia maumivu mazito, ya ndani, yasiyo ya juu juu. Mitindo inayoruhusu kuingia kwa kina huumiza zaidi, na wengi husema kulala ubavu ni nafuu. Hili huzungumzwa na mume waziwazi; si dharau kwake. La pili ni mgongo wa chini unaovuta siku za hedhi. Chupa ya maji moto na dawa kama ibuprofeni, ikimezwa na chakula, huwatosha wengi.

Maumivu yakizidi hapo, usikubali kila kitu kibebeshwe ile RV ya kwenye karatasi. Ninaona hapa ndipo wanawake wanapopotezewa muda mwingi. Mtu anaumwa kila mwezi mpaka hawezi kufungua duka lake, anaonyesha karatasi, anaambiwa "ni kizazi chako tu kilivyo," na anarudi nyumbani na panadoli. Endometriosisi huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na picha ya kawaida huweza kuikosa kabisa. Dalili zake ni hedhi yenye maumivu yanayoanza kabla ya damu, kuumwa unapokwenda haja kubwa siku hizo, na maumivu ya tendo yanayobaki hata kesho yake. Maambukizi ya nyonga huja na uchafu wenye harufu, homa na tumbo la chini linalouma. Hayo hutibiwa kwa antibiotiki, mwenzi naye akitibiwa. Fibroidi huleta damu nyingi na tumbo kujaa. Na kwa walio katika uwanda wa Kano, karibu na mitaro ya mpunga, kuna kichocho cha mkojo: mayai yake hunasa kwenye mlango wa kizazi yakaleta maumivu na damu baada ya tendo, mambo ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mwambie daktari kama ulikulia kwenye maji hayo.

Sehemu nyingine ambayo mlalo una maana ni juu ya kitanda cha uchunguzi. Sehemu ya juu ikielekea nyuma, mlango wa kizazi kwa kawaida huelekea mbele na juu, mahali ambapo chombo cha kufungulia uke hakiufikii kirahisi. Nesi anayetaka kuupaka siki kuangalia dalili za saratani anaweza kuutafuta, akakitoa chombo, akakiingiza tena, nawe umekunja vidole vya miguu. Mwambie mapema: "Sista, kizazi changu kimelala nyuma." Kunja ngumi zote mbili uziweke chini ya makalio, nyonga iinuke; mara nyingi mlango hujitokeza. Kwa koili, kile kifaa cha kupanga uzazi kinachowekwa ndani ya kizazi, kusema ni lazima zaidi. Anayeiweka anapaswa kupima kwa mkono kizazi kimeinamia wapi kabla ya kuingiza kitu chochote, kwa kuwa kifaa kikifuata upande usio wake kinaweza kutoboa ukuta. Ajali hiyo hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 1,000. Kizazi kilicholala nyuma hakimzuii mtu kutumia koili.

Katika mimba changa, mlalo huu huwatia watu hofu bure. Wiki ya 6, picha ya juu ya tumbo huweza isimwone mtoto aliye nyuma kabisa, na mama akaambiwa mimba haina kitu. Kama hakuna maumivu wala damu, hakuna haraka ya kusafishwa. Omba picha ya kupitia ukeni, au rudi baada ya wiki moja au mbili. Ila maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au damu ni jambo jingine: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Kufikia wiki ya 12 hadi 14 hivi, kizazi hukua kikatoka kwenye nyonga na kupanda tumboni, na suala la mlalo huwa limekwisha. Mara chache sana, kama mimba 1 kati ya 3,000, hukwama chini ya mfupa wa mgongo na kuendelea kukua hapo. Mlango wa kizazi husukumwa mbele ukabana njia ya mkojo. Dalili kubwa ni mjamzito wa miezi mitatu au minne anayeshindwa kukojoa, au mkojo unamtoka matone matone huku tumbo la chini limejaa na linauma. Wengi hupewa dawa za maambukizi ya mkojo wakarudishwa nyumbani. Huyu aende hospitali kubwa mara moja. Kwa wa Kisumu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Kwanza huwekwa mpira wa mkojo. Kibofu kikishakuwa kitupu, kizazi wakati mwingine hujipandia chenyewe mama akipiga magoti na kuweka kifua chini. Kikigoma, daktari hukisukuma polepole kwa vidole. Kikishapanda, mimba nyingi za namna hii huendelea hadi kujifungua kwa njia ya kawaida.