Picha ya mgongo peke yake haitoshi kumjua nzi

Jamani hii ya "picha iko klia kabisa, nitajie tu jina" imenichosha. Watu wameamini picha ikiwa kali basi spishi imejulikana, kumbe ukali ni kitu kimoja na sehemu uliyoipiga ni kitu kingine. Mtu anatuma nzi kapigwa kwa juu, kila unywele wa mgongo unahesabika, ukimuomba ya ubavu anakwambia kesharuka. Sasa kwa hawa nzi vimelea wa familia ya Tachinidae, ambao funza wao hukulia ndani ya wadudu wengine kama viwavi, safu ya nywele ngumu tunayoitafuta kwanza iko ubavuni, chini ya bawa, jirani na kile kirungu anachojisawazishia akiruka, na hata ukiiona hujamaliza maana nzi wa nyama wa Sarcophagidae na wale wa bluu na kijani wa Calliphoridae nao wanayo, inabidi uangalie tena chini ya ile ngao ndogo mwisho wa mgongo, Tachinidae wana uvimbe uliotuna pale na wenzao kwa kawaida hawana. Na hapo tumepata familia tu! Kwenda kwenye spishi nataka uso kwa mbele, jicho kama lina vinyweleo au ni tupu, nywele za miguu, mshipa wa bawa ulivyopinda, na wapo ambao bila kutazama viungo vya uzazi vya dume kwenye darubini hutoki, kamera ya bei yoyote ile. Kwa hiyo mtie kwenye friji dakika chache apoe, halafu piga juu, ubavu, uso, bawa, zote.

Eti unywele hauonekani basi haupo. Zinakatika ovyo hizo, tafuta kitundu ulipoota, halafu linganisha na upande wa pili, nzi huyohuyo anaweza kuwa na 3 kulia na 4 kushoto.

Eti mwenye minywele mingi ndo Tachinidae. Hapana, Muscidae, familia ya nzi wa nyumbani, wenye minywele wamejaa, na Tachinidae wa kundi la Phasiinae wengine wako karibu laini.

Eti ukijua kiwavi alimotoka umemjua nzi. Compsilura concinnata, Tachinidae alopelekwa Marekani 1906 kupambana na viwavi waharibifu wa miti, ameshatolewa kwenye spishi zaidi ya 150 za wadudu! Ila jina la kiwavi liandike hivyohivyo, na ganda la pupa usilitupe, nalo lina alama zake.