Shehena Inayopotea Baharini: Maana na Asili ya Majina Yake

Sheria ya bahari ya Uingereza ina majina manne ya mali iliyopotea baharini: flotsam, jetsam, lagan na derelict. Wengi huyachanganya mawili ya kwanza, ilhali kila jina linaeleza namna mali ilivyotoka chomboni.

Flotsam ni mali iliyobaki ikielea baada ya chombo kuvunjika au kuzama, pasipo mtu kuitupa. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kuelea, na liliingia Uingereza pamoja na lugha ya watawala Wanormani. Lagan, linalohusishwa na lugha za kale za Skandinavia, ni mali iliyozama ikiwa imefungwa boya ili wenyewe waje kuiopoa, na derelict, neno la asili ya Kilatini, ni chombo kilichoachwa na mabaharia bila tumaini la kukirudia.

Jetsam ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini iactare, yaani kutupa, nalo hutaja shehena ambayo nahodha ameamuru itoswe ili chombo kipungue uzito wakati wa tufani. Kutosa huko hakumvui mwenye mali haki yake. Kitabu cha sheria cha Justinian, mfalme wa Dola ya Kirumi, kilichotolewa mwaka 533, kinasema wazi kwamba bidhaa hizo hubaki kuwa za mwenyewe, kwa kuwa hakuzitupa kwa kutozitaka bali kwa kujiokoa, na anayeziokota ufukweni kwa nia ya kujinufaisha ni mwizi.

Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1275, iliamua kwamba iwapo mtu, mbwa au paka ametoka hai chomboni, mali ihifadhiwe mwaka mmoja na siku moja ikimsubiri mwenyewe. Sheria ya sasa, ya mwaka 1995, inamtaka aliyeokota chochote kati ya hivyo vinne atoe taarifa serikalini, na mwenyewe ana mwaka mmoja wa kudai. Januari 2007, makontena ya meli MSC Napoli yaliposukumwa hadi ufuko wa Branscombe, kusini mwa Uingereza, watu waliondoka na pikipiki mpya wakidhani kilicholetwa na bahari hakina mwenyewe.

Mei mwaka huohuo, mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi. Mkataba huo hauulizi kama kitu kilitoswa au kilielea chenyewe: kilichopotea kutoka melini, kiwe kimezama, kimekwama au kinaelea, huhesabiwa kuwa mabaki.