Mbele au nyuma? Hesabu ya kiti katika rolakosta

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wa Mombasa wanaojiandaa kwenda Abu Dhabi au Johannesburg ni hili: nikifika kwenye jukwaa la kupandia rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima vya reli, nisimame foleni ya safu gani? Ya mbele ni ndefu, ya nyuma ina afadhali, ya katikati haina mtu. Jibu la haraka ni kwamba ukitaka mteremko wa kwanza ukung'oe kitini, nenda nyuma. Ukitaka upepo usoni na kuiona reli ikiishia hewani, nenda mbele. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, kaa safu ya tatu au ya nne, lakini chunga magurudumu ya behewa yamekaa wapi. Hilo nitalifikia.

Wengi hudhani nyuma kunarusha kwa sababu ileile inayorusha kiti cha nyuma cha matatu kwenye tuta. Sivyo. Matatu humrusha abiria wa nyuma kwa kuwa kiti chake kimepita ekseli ya nyuma, kikachomoza kama mkia. Ekseli ikipanda tuta, mkia hupanda zaidi. Rolakosta haina mkia wa namna hiyo, kwani kila behewa lina magurudumu yake na reli imeyakamata. Kinachotofautisha kiti na kiti ni mwendo wa treni nzima wakati kiti chako wewe kinapovuka kilele.

Chukua mkufu, au mnyororo wa baiskeli ukiwa nao, uulaze mezani umenyooka. Sukuma ncha moja ivuke ukingo taratibu. Pete za kwanza zitavuka kwa mwendo wa kidole chako, kwani ni wewe unayesukuma. Ikifika mahali, sehemu inayoning'inia itashinda ile iliyobaki mezani, na mkufu utaanza kujivuta wenyewe. Tazama pete ya mwisho: inaupita ukingo mbio na kuruka kidogo kabla ya kuanguka. Hiyo pete ya mwisho ndiyo safu ya nyuma.

Tuweke tarakimu. Treni ina urefu wa mita 12, mnyororo wa mtambo unaipandisha kilima cha kwanza kwa mita 2 kwa sekunde, yaani kilomita 7 kwa saa, na kilima kina mwinamo wa nyuzi 45 pande zote mbili. Msuguano tuuache kando ili hesabu iwe nyepesi. Safu ya kwanza inavuka kilele kwa mwendo huohuo wa mnyororo, kisha inainamia bonde ikingoja wenzake waliobaki nyuma. Nusu ya treni ikishavuka, mnyororo hauiburuti tena, treni ndiyo inayoukimbia mnyororo. Kuanzia hapo hadi safu ya mwisho ifike kileleni, kitovu cha uzito cha treni kinashuka takriban mita 2.1, na mwendo unapanda hadi kilomita 24 kwa saa. Kilele ni kilekile, ila wa mbele amekivuka kwa 7 na wa nyuma kwa 24.

Kilele hicho kikiwa na mpindo wa nusu kipenyo cha mita 6, mtu wa kilo 70 aliye mbele atakikalia kiti kama mtu wa kilo 65, na hatatambua tofauti. Mwenzake wa nyuma, mwenye kilo hizohizo, atakikalia kama mtoto wa kilo 16. Mpindo ukikazwa hadi mita 4, wa nyuma hakikalii kiti tena. Makalio yake yapo hewani, na kinachomshikilia ni chuma cha mapajani. Hapo ndipo tumbo hupanda kifuani, na ndiyo hali ambayo wapenzi wa rolakosta huvuka bahari kuitafuta.

Ila utawala wa nyuma ni wa mteremko wa kwanza. Vilima vinavyofuata vina hesabu yake, na hapa hata wazoefu huteleza. Huko hakuna mnyororo. Treni inapanda kwa kasi iliyobaki, inapungua hadi kitovu chake kifike kileleni, kisha inaongeza tena. Kwa hiyo safu ya katikati ndiyo inayovuka kilele wakati treni iko polepole kabisa, nayo huelea kwa upole kuliko zote. Mbele na nyuma huvuka kwa mwendo unaokaribiana, lakini ladha ni mbili. Wa mbele huinuliwa kabla ya kilele, wakati reli bado inapanda, maana huko ndiko treni ilikuwa na kasi zaidi. Wa nyuma hunyanyuliwa baada ya kilele, akiwa tayari anavutwa chini. Mimi naipendelea ile ya nyuma, lakini kwenye rolakosta yenye vilima vingi vidogo vilivyofuatana nitaungana na wanaosubiri mbele.

Kwenye mabonde mambo yanageuka. Treni huwa na kasi ya juu kabisa wakati kitovu chake kiko chini kabisa, na aliyeko chini kabisa wakati huo ni wa katikati. Kwa hiyo anayedhani katikati ni kwa waoga ajue kwamba ndiye anayegandamizwa zaidi bondeni.

Na kitanzi, kile kinachokupindua kichwa chini miguu juu? Juu ya kitanzi treni iko polepole, na ipo polepole zaidi wakati safu za katikati ziko kileleni. Wa katikati huhisi wepesi, wa mbele na wa nyuma hubaki wamebanwa kitini vizuri. Ukitazama kwa makini utaona kitanzi si duara, ni umbo la tone la maji lililogeuzwa. Sababu ni hesabu. Katika kitanzi cha duara kamili, treni ikiwa na mwendo wa kutosha tu usimwangushe mtu kule juu, chini mwili wake utakuwa mzito mara sita, hata kabla ya kuongeza akiba ya usalama. Flip Flap Railway ya Coney Island, Marekani, iliyojengwa miaka ya 1890, ilikuwa na duara la namna hiyo na iliumiza watu shingo. Suluhisho lililosimama hadi leo lilikuja mwaka 1976 kwa Revolution ya Magic Mountain, California, kazi ya Wajerumani Anton Schwarzkopf na Werner Stengel: mpindo mpana chini, ambako mwendo ni mkubwa, na mpindo uliokazwa juu, ambako mwendo umepungua.

Sasa magurudumu, ambayo watu huyasahau kabisa wakati wa kuchagua kiti. Kila kona ya behewa ina aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoiongoza treni kwenye kona, na ya chini yanayoishika reli kutokea tumboni ili treni isinyanyuke. Haya ya chini John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919, na bila yake hakuna mbunifu ambaye angethubutu kujenga kilima cha kumfanya mtu aelee. Yanayokuhusu wewe mwenye kuchagua kiti ni yale ya juu. Safu iliyokaa moja kwa moja juu ya ekseli hupokea kila kiungo cha reli kupitia uti wa mgongo. Safu iliyo kati ya ekseli mbili ina nafuu kubwa, hasa kwenye rolakosta za mbao. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye foleni, treni ikiingia, usitazame nyuso za wanaoshuka, tazama chini ya viti. Mara nyingi utakuta safu ya mwisho kabisa imekalia magurudumu na ya pili kutoka mwisho haijayakalia. Nenda hiyo ya pili kutoka mwisho. Utapoteza kiasi kidogo sana cha mvuto na utaokoa kiuno.

Gurudumu lenyewe nalo lina tabia. La nailoni ni gumu, linakwenda kasi na linapiga kelele. La poliyurethani ni laini, linameza mitikisiko, lakini linakula sehemu ya mwendo. Baadhi ya viwanja huchanganya aina hizi mbili kwenye treni moja kulingana na majira. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupanda rolakosta ileile miezi tofauti, mmoja akaiita hariri na mwenzake akaiita mkokoteni, na wote wawili wakawa wakweli.

Saa nayo ina neno. Asubuhi grisi ya beringi za magurudumu ni nzito na treni huwa na uvivu, na kufikia alasiri imeshapata moto na vilima huvukwa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kama tiketi yako inakuruhusu kurudia, panda asubuhi foleni ikiwa fupi, kisha rudi jioni kwenye kiti kilekile. Mvua nyepesi huongeza kasi kwenye reli, ila matone usoni kwa kilomita 100 kwa saa ni kama kuchomwa sindano. Upepo wa mbele ndio adui. Treni tupu, asubuhi ya baridi, na upepo mkali vikikutana, treni inaweza kushindwa kumaliza kilima na kurudi kutulia bondeni. Haidondoki, inayumba tu mbele na nyuma hadi isimame, na watu hushushwa na mafundi. Kwa sababu hiyo majaribio ya asubuhi hufanywa kwa midoli ya plastiki iliyojazwa maji badala ya viti vitupu.

Wanaoogopa kukwama kwenye mnyororo pia watulie. Ule mlio wa tak-tak-tak mnaposafiri kwenda juu ni vyuma vya kuzuia kurudi nyuma vinavyodondokea meno ya chuma, jino moja baada ya jingine. Umeme ukikatika, treni inakaa kwenye jino la mwisho, nanyi mnashuka kwa ngazi iliyo pembeni. Kusimama hapo mara nyingi kuna maana moja tu: treni iliyotangulia bado haijaondoka kwenye sehemu yake ya reli, na mtambo hauruhusu treni mbili katika sehemu moja.

Ukishapata kiti, kaa hivi. Makalio yaguse mwisho wa kiti kabla hujashusha chuma, maana nafasi ya vidole vitatu nyuma yako itakuwa nafasi ya kurushwa mbele kwenye kila kilima. Toa simu na funguo mfukoni, la sivyo chuma kitafungia juu ya simu, si juu ya paja, na simu ikisogea utabaki umelegea. Kwenye viti vyenye mabano ya mabegani, yaani vyuma vinavyoshuka juu ya mabega, bana kichwa nyuma kabisa. Wanaotoka na masikio mekundu ni wale waliokiacha kichwa kikielea katikati. Bondeni, macho yakianza kuona kijivu, kaza mapaja na tumbo na uendelee kupumua. Wanaozuia pumzi ndio wanaozidiwa.

Kwa akina dada na mama zetu: mtandio wa kuning'inia na buibui pana haviruhusiwi kwenye mashine nyingi, na kwa haki, kwani kitambaa hutafuta gurudumu. Vaa hijabu ya kuvuta kichwani, ile isiyo na pini, na suruali ndani. Pini ya kichwani kwenye kiti chenye mabano ni hatari kuliko mteremko wenyewe. Champali zivuliwe kwenye rolakosta za miguu kuning'inia, kama Anaconda ya Gold Reef City, Johannesburg. Na biriani iwe baada, si kabla. Muda wa saa mbili kabla ya kupanda, kula kitu kidogo kikavu. Tumbo tupu kabisa nalo huchafuka.

Kuna mashine ambazo hesabu yote ya viti hapo juu haizifikii. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, haina mnyororo wala kilima cha kwanza. Inasukumwa kwa nguvu za haidroliki kutoka sifuri hadi kilomita 240 kwa saa kwa takriban sekunde tano, na msukumo huo ni uleule kwa kila safu. Hapo mbele kunashinda bila ubishi, kwa ajili ya upepo, na miwani wanayokupa ni ya lazima: mdudu mdogo kwa kasi hiyo ni jiwe. Tower of Terror ya Gold Reef City, inayotumbukia kwenye shimo la mgodi, hutumia gari moja fupi. Hakuna urefu wa kutosha wa kutofautisha safu, kwa hiyo usipoteze nusu saa ukingojea ya mbele.

Kwa watoto, lile joka dogo linalozunguka kwenye viwanja vya maonyesho, kama huko Mkomani wakati wa shoo, kwa kawaida lina mota inayolisukuma mzunguko mzima. Mwendo haubadiliki sana, safu yoyote ni sawa. Kinachofaa kuangaliwa ni upande: joka hupinda mkono mmoja tu, na mwili hutupwa upande wa nje wa kona. Mtu mzima akae nje, mtoto ndani. Mkikaa kinyume, kila kona mtoto atakuwa mto wenu.