Mwenye pesa ndiye mshindi? Tunayoyaamini kuhusu maduka ya ndani ya gemu

Wachezaji wengi wakiona duka ndani ya gemu ya mtandaoni huhitimisha papo hapo: hii ni ya kulipa ili ushinde. Si lazima. Katika gemu ya Dota 2 mashujaa wote, yaani wahusika unaowachezesha, wako wazi kwa kila mchezaji. Pesa hununua mavazi na mapambo, na aliyevaa vizuri hufa kama wengine. Cha kuuliza ni kama duka linauza mwonekano, nguvu au muda.

Kwenye muda ndipo penye utata. Utasikia, "Wanauza njia ya mkato tu, hata asiyelipa atafika." Atafika, lakini lini? Katika Star Wars Battlefront II ya mwaka 2017, shujaa kama Darth Vader aliwekewa bei ya krediti 60,000, yaani sarafu za ndani ya gemu unazochuma kwa kucheza. Wachezaji walipiga hesabu wakapata takriban saa 40 za kucheza kwa shujaa huyo mmoja. Kando yake kulikuwa na masanduku ya bahati, ambayo hujui kilichomo hadi uyafungue, yaliyonunulika kwa pesa halisi, yakitoa kadi za kuongeza nguvu vitani. EA, kampuni iliyotoa gemu hiyo, ikashusha bei za mashujaa kwa asilimia 75, kelele zikaendelea, ikazima ununuzi huo kabla tu ya gemu kuingia sokoni rasmi. Anayeuza njia ya mkato ndiye aliyechora barabara, na urefu wake ameupanga mwenyewe. Isitoshe, hiyo ilikuwa gemu ya kununuliwa kwa bei kamili, wala si ya bure.

Utasikia pia, "Fundi hashindwi na tajiri." Tajiri anayeanza, sawa, atapigwa. Lakini mifumo mingi hukukutanisha na mpinzani wa kiwango chako, na ujuzi ukilingana, silaha iliyozidi kidogo tu inaamua.

Dhana inayokula pesa nyingi, kwa maoni yangu, ni ya hesabu: kwamba zawadi yenye uwezekano wa asilimia 1 lazima ipatikane ukifungua masanduku 100. Sanduku halikumbuki lililotangulia. Watu 100 wakifungua masanduku mia kila mmoja, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Zipo gemu zinazokuhakikishia zawadi baada ya majaribio kadhaa, lakini ahadi hiyo isipoandikwa, usiidhanie.

Je, masanduku hayo ni kamari? Kisheria, inategemea uko wapi. Ubelgiji ilisema ndiyo mwaka 2018. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, kisha mahakama ya juu ya utawala ikaifuta mwaka 2022. China tangu 2017 inadai uwezekano wa kila zawadi utangazwe.

Kuhusu "mavazi ni pesa ndogo tu": Fortnite haiuzi nguvu, lakini nyaraka za kesi kati ya Epic Games, kampuni inayoimiliki, na Apple zilionyesha iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka ya 2018 na 2019. Na si kila aliyelipa alikusudia kulipa. Mwaka 2022 Epic ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume kudai kwamba vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mguso mmoja tu ulitosha kukata pesa.