Kanzidata iliyogawanywa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Unguja, kijana akitengeneza mfumo wa kupokea wageni wa hoteli mbili tatu za Nungwi na Paje, haikawii mtu akamshauri aweke ShardingSphere, programu ya kugawa data kwenye seva kadhaa, "mambo yaende mbio".

Dhana: Hiyo ni kanzidata mpya.

Ukweli: Data inabaki kwenye kanzidata yako ya kawaida, MySQL au PostgreSQL ile ile. Programu hii huria, iliyoanzia kampuni ya Dangdang ya China na kuwa mradi kamili wa Apache, taasisi ya programu huria, mwaka 2020, inakaa katikati tu: inapokea swali, inalipeleka panapohusika, inakusanya majibu.

Dhana: Ukishagawa data, kila swali linakuwa jepesi.

Ukweli: Inategemea umegawa kwa kitu gani. Ukigawa kwa namba ya hoteli, swali lenye namba hiyo linakwenda seva moja. Likija na jina la mgeni tu, seva zote zinabishiwa hodi. Na kwa hoteli mbili tatu, jamani, MySQL moja yenye faharasa nzuri (orodha inayoharakisha utafutaji) inatosha na kubaki.

Dhana: Cha kusubiri katika toleo jipya la ShardingSphere ni vitu vipya, marekebisho ya kasoro ni usafi tu.

Ukweli: Mimi huanza na marekebisho. Chukua wastani wa malipo yaliyogawanywa kwenye seva mbili. Seva ya Unguja ina malipo 4, wastani shilingi 100,000. Ya Pemba ina moja, shilingi 50,000. Ukichukua wastani wa wastani unapata 75,000. Jibu sahihi ni 90,000. Ndiyo maana programu hulibadilisha swali kimyakimya: huomba kila seva jumla na idadi, kisha hugawanya yenyewe. Kasoro ikiingia hapo haipigi kelele. Ripoti inatoka safi na hesabu imepotea. Kwa hiyo toleo jipya lijaribu kwanza kwenye nakala ya data, ulinganishe majibu.

Dhana: Miamala ya XA, utaratibu wa kuandika kwenye seva kadhaa kwa pamoja, inamaliza wasiwasi kwamba seva ya Unguja itaandika na ya Pemba isiandike.

Ukweli: Inahakikisha seva zote zinaandika au zote zinaacha. Lakini zinasubiriana, na sisi ni watu tuliokaa bila umeme wa gridi yapata miezi mitatu tangu Desemba 2009. Mratibu, yaani programu inayoziongoza seva hizo, akizimika baada ya zote kusema ziko tayari, seva hushikilia mistari iliyoguswa, imefungwa, mpaka mratibu arudi au msimamizi aingilie kwa mkono.