Utajiri na Uhaba wa Wasichana nchini India

Imeaminika kwa muda mrefu kwamba India ina upungufu wa wasichana kwa sababu ya umaskini na ujinga wa vijijini, na kwamba kipato kikipanda tatizo litajiondokea lenyewe. Sensa ya mwaka 2011 haiungi mkono dhana hiyo. Miongoni mwa watoto wasiozidi miaka 6, Haryana, jimbo lenye kilimo cha kisasa na kipato kikubwa, lilikuwa na wasichana 834 kwa kila wavulana 1,000, na jirani yake Punjab 846, ilhali Chhattisgarh, jimbo maskini lenye jamii nyingi za makabila ya asili, lilikuwa na 969. Hata vijiji, vinavyolaumiwa mno, viliishinda miji kwa wastani wa kitaifa: 923 dhidi ya 905.

Sababu haifichiki. Familia yenye kipato, inayotaka watoto wachache lakini isiyokubali kukosa mrithi wa kiume wa shamba, humudu gharama za ultrasaundi, kipimo kinachoonyesha jinsia ya mtoto aliye tumboni, na za kutoa mimba ya msichana. Sheria ya mwaka 1994 ilipiga marufuku kufichua jinsia ya mtoto aliye tumboni, ingawa, kwa maoni yangu, mila za urithi na za mahari, ambayo huko hutolewa na familia ya bibi harusi, ndizo zilizostahili kushughulikiwa kwanza.